Ekari mbili za zabibu Mpunguzi: maji, mkasi na mnunuzi

Swali: Nina ekari mbili Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma kwenye barabara ya Iringa. Ni urithi wa mzee, kwa sasa panalimwa uwele na alizeti. Nataka kuweka zabibu za mvinyo. Ndugu wananitisha kwamba wakulima wanahangaika na zabibu zinazoozea shambani huku viwanda vikisema matenki yamejaa. Wengine wanasema nisiuze zabibu, nikamue mwenyewe mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi wa kuuzia viwanda. Mimi naishi Morogoro, shambani nafika mara mbili kwa mwezi. Je, nipande? Mbegu gani? Na soko likoje kweli?

Jibu: Ndugu yetu, panda, lakini kwa sharti moja: uwe na kisima kinachotoa maji ya kutosha kuanzia Mei hadi Septemba. Bila maji ya kiangazi utabaki na mavuno ya masika peke yake, na hayo ndiyo yenye shida kubwa ya ubora na ya soko. Karibu kila ulichouliza, hata hilo la matenki kujaa, kinategemea siku unayoshika mkasi wa kupogolea, kwa hiyo nianzie hapo.

Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mita 1,100 hadi 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, jumla yake kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka wa kawaida, kisha anga linakauka kwa miezi saba. Ulaya na Afrika Kusini mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi, unaamka mara moja kwa mwaka na kuvunwa mara moja. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Ukiupogoa unachipua, ukichipua unatoa maua, na baada ya siku 110 hadi 130 tangu upogoe unavuna. Ndiyo maana Dodoma inavuna mara mbili, karibu na Machi na tena Agosti hadi Septemba. Wengi wanaitaja hii kama baraka tupu. Ni baraka yenye masharti, kwa sababu mavuno hayo mawili hayafanani.

Mavuno ya masika unayapata ukipogoa Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Maua yanafunguka mvua ikiwa imeshika, majani hayapati nafasi ya kukauka, ukungu unaingia, na tunda linaiva likinywa maji kupita kiasi: punje zinavimba, ngozi inapasuka, sukari inabaki chini. Mavuno ya kiangazi unayapata ukipogoa mwishoni mwa Aprili au Mei. Maua yanafunguka Juni hewa ikiwa kavu, usiku wa Juni na Julai baridi inashuka hadi nyuzi 13 au 14, na kufikia Agosti jua la mchana linajenga sukari bila mvua ya kuizimua. Mtengeneza mvinyo mwenye nafasi chache kwenye matenki yake ataziweka hizo za Agosti kwanza. Hana sababu ya kufanya vinginevyo.

Kuhusu mahali, Mpunguzi si pabaya hata kidogo. Upande huo wa kusini wa jiji, pamoja na Mbabala na Matumbulu, una wakulima wengi wa zabibu, na Bihawana iliyo kwenye barabara hiyo hiyo ndiko wamisionari Wakatoliki walikokuwa na mizabibu ya divai ya misa tangu kabla ya uhuru. Kaskazini kuna Makutupora na Veyula, ambako maji ya ardhini ni mengi kiasi kwamba bonde hilo ndilo linalonywesha jiji, na ndiko kilipo kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI. Kaskazini mashariki kuna Hombolo, yenye bwawa na kiwanda cha mvinyo cha CETAWICO. Chamwino wana Mvumi, Buigiri na shamba la pamoja la Chinangali II la umwagiliaji wa matone. Ukiniuliza tofauti ya maeneo haya, nitakujibu kwa udongo na maji, maana hali ya hewa ni karibu ile ile. Nje ya Dodoma ipo mizabibu kidogo, kama ya watawa Wabenediktini wa Sakharani, Lushoto, na kwa Kenya ile ya Naivasha, lakini ukitafuta miche, mafundi wa kupogoa na wanunuzi mahali pamoja, ni Dodoma.

Sasa maji, kwa hesabu. Kiangazi cha Dodoma ardhi na mimea hupoteza kama milimita 5 za maji kwa siku. Mzabibu wenye majani kamili unahitaji kama asilimia 70 ya hizo, yaani milimita 3.5. Nafasi ninayokushauri ni mita 2.5 kati ya mstari na mstari, na mita 1.5 kati ya mche na mche. Kila mche unashika mita za mraba 3.75, kwa hiyo unataka kama lita 13 kwa siku, panga 14. Ekari moja inabeba miche 1,080 hivi, ambayo ni lita 15,000 kwa siku, na ekari mbili lita 30,000. Hicho ni kiwango cha juu, wakati mzabibu umejaa majani na punje zinavimba. Wiki za kwanza baada ya kupogoa theluthi moja inatosha.

Kwa hiyo mchimba kisima akikuambia "maji yapo", muulize yapo lita ngapi kwa saa baada ya kupampu mfululizo kutwa nzima, siyo baada ya dakika ishirini. Unahitaji kisima cha lita 4,300 kwa saa kikifanya kazi saa saba. Gawa shamba vitalu vinne vya nusu ekari, kila kimoja miche 540. Ukiweka vidondoshi viwili vya lita 4 kwa saa kwenye kila mche, kitalu kimoja kinakula lita 4,300 kwa saa, na ndani ya saa moja na dakika 45 kimeshiba. Vitalu vinne, saa saba. Pampu ya jua inalimudu hilo kwa kuwa ndio msimu ambao Dodoma haina mawingu, ila weka tenki la lita 10,000 kwa ajili ya siku ambayo pampu imegoma.

Kabla ya kulipia chochote, pima chumvi ya maji. Hii inarukwa na wengi, na Dodoma ina visima vya chumvi si haba. Kipimo kikizidi desisimens 1 kwa mita, mzabibu unaanza kupunguza mazao. Ikifika 2 utaona kingo za majani zinaungua kahawia kuanzia nje kuja ndani, na matone yanazidisha tatizo kwa sababu chumvi inarundikana pembezoni mwa eneo lililolowana. Maji ya namna hiyo ni afadhali uendelee na alizeti.

Udongo unaofaa ni ule mwekundu wa kichanga tifutifu, wenye kina cha mita moja bila mwamba. Kama sehemu ya shamba ni mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kutuama maji masika, iache. Mizizi inakufa kwa kukosa hewa na mche unakaa kama mgonjwa miaka mitatu kabla haujafa kabisa.

Mbegu: weka robo tatu ya shamba Makutupora nyekundu. Ndiyo iliyotawala mashamba ya Dodoma, viwanda vinaijua, mafundi wanaijua, na inavumilia uzembe kuliko nyingine. Robo iliyobaki unaweza kuweka Chenin Blanc kwa mvinyo mweupe. Sifa yake ni kutunza uchachu hata kwenye joto, jambo ambalo nchi za joto tunalihitaji sana. Kasoro yake ni shada lililobanana, punje za ndani zinaoza kimya kimya mvua ikinyesha. Ipande endapo tu unakusudia kuvuna kiangazi. Syrah inakubali, ila usiipande kwa sababu jina lake linauzika kwenye chupa; ipande kama mnunuzi ameitaja kwenye mkataba. Zabibu za mezani kama Black Rose na Ruby Seedless ni biashara nyingine kabisa, ya sokoni na kwenye boksi, na kiwanda cha mvinyo hakitakulipa kwa ukubwa wa punje.

Miche chukua TARI Makutupora au kwa mkulima ambaye umeliona shamba lake likiwa na matunda. Kipando kizuri kinatoka kwenye tawi lililokomaa, kahawia, unene wa penseli, chenye macho matatu au manne. Chini kikatwe mkato bapa, juu mshazari, ili mtu asikipande kichwa chini, na hilo hutokea kuliko unavyodhani. Kikae kwenye kiriba miezi miwili hadi mitatu, kihamie shambani Januari mvua zikiwa zimeshika. Shimo ni sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu weka kando, changanya na madebe mawili ya samadi iliyooza, rudisha. Nasisitiza iliyooza. Samadi mbichi na majani makavu yaliyogusa shina ni mwaliko kwa mchwa, na mchwa wa Dodoma anaweza kumaliza robo ya miche katika mwezi wa kwanza. Weka dawa ya mchwa kwenye shimo kwa kipimo cha kwenye lebo, na acha duara la udongo mtupu, kama shibiri moja, kuzunguka kila shina.

Gharama kubwa itakayokushtua siyo miche, ni nguzo na waya. Ekari moja ya mraba ina mistari 25 ya mita 63 hivi. Nguzo kila mita 6 ni kama 290 kwa ekari, urefu mita 2.4, sentimita 60 zikiwa chini ya ardhi. Nyaya tatu kwa kila mstari, ya kwanza mita 0.9 kutoka ardhini, ni kama mita 4,800; waya wa unene wa milimita 2.5 utakuwa na uzito wa kilo 185 hivi. Zidisha kwa mbili, chukua bei dukani leo, kisha ndiyo ujue kama mtaji wako ni wa ekari mbili au wa moja. Nguzo za mikaratusi zilizotiwa dawa kiwandani zinadumu. Zile za porini zilizopakwa oili chafu zinaliwa na mchwa ndani ya miaka michache, tena zinaanguka mashada yakiwa yamejaa, kwa kuwa ndipo uzito unapozidi. Kama fedha haitoshi, weka ekari moja kamili. Ekari mbili zenye waya mmoja zitakupa majani yanayoburuza chini na ukungu usiokwisha.

Mwaka wa kwanza unatafuta shina moja lililonyooka hadi kwenye waya wa kwanza. Machipukizi mengine yote yang'oe yakiwa laini. Likifika kwenye waya, kata ncha, acha machipukizi mawili, moja kushoto moja kulia, yawe mikono ya sentimita 75 kila mmoja. Mashada ya kwanza yatakuja kabla mwaka wa pili haujaisha, na fundi wako atataka kuyaacha. Yaondoe. Mche unaozaa kabla shina halijanenepa hukaa mdogo maisha yake yote. Mavuno ya kweli yanaanza mwaka wa tatu.

Kwenye upogoaji sasa. Juu ya kila mkono acha vijiti vitano, kila kimoja kiwe na macho mawili, umbali wa sentimita 12 hadi 15. Hiyo ni mikono miwili, vijiti kumi, macho 20, na kwa Makutupora iliyotunzwa tarajia mashada 20 hadi 25 yenye kilo 4 kwa mche. Kwa ekari ni tani 4 na kidogo kwa msimu. Wapo wanaoacha macho manne au matano wakidhani watavuna maradufu. Wanapata mashada mengi madogo, yanayoiva bila kulingana, na kipimo cha sukari kinashuka chote.

Wiki mbili hadi tatu kabla ya kupogoa, kata maji ili mzabibu upumzike, kisha pogoa na umwagilie siku hiyo hiyo. Macho yatachomoza kwa pamoja. Ukipogoa mzabibu ambao bado unakunywa, macho ya ncha yanaamka, ya katikati yanalala, na utakuwa na shada la kijani na shada lililoiva kwenye tawi moja. Ondoa matawi yaliyokatwa uyachome nje ya shamba; ukungu unalala humo.

Vile vitalu vinne usivipogoe siku moja. Pogoa cha kwanza Aprili 25, cha pili Mei 5, cha tatu Mei 15, cha nne Mei 25. Kwa siku 120 utavuna Agosti 23, Septemba 2, Septemba 12 na Septemba 22. Baridi ikiwa kali ongeza siku tano hadi kumi kwa kila kimoja. Badala ya tani 8 kudondoka wiki moja, unakuwa na tani mbili na ushee kila siku kumi, mzigo wa Canter moja. Mwenye kiwanda anamaliza tenki moja, anajaza jingine, anarudi kwako. Zabibu nyingi zinazooza zinaoza kwa sababu kijiji kizima kilipogoa wiki moja kwa kufuata fundi mmoja, kisha wote wakafika getini siku moja. Tunda hili halingoji: likishavuka ukomavu, kila siku ni punje zinazosinyaa, nyuki, ndege na uchachu unaopotea.

Baada ya mavuno ya Septemba acha majani yakae miezi miwili. Yanarudisha chakula kwenye mizizi. Novemba unapopogoa kwa ajili ya masika, ondoa nusu ya mashada yakiwa bado machanga, au kitalu kimoja au viwili ukinyime mazao kabisa. Najua inauma kutupa matunda. Lakini ukivuna kamili Machi, zinabaki wiki tano au sita tu kabla ya kupogoa tena Aprili, na hapo mzabibu unaingia msimu mzuri ukiwa mtupu.

Magonjwa yanafuata kalenda hiyo hiyo. Masika adui ni ubwiri vinyoya: madoa ya njano kama ya mafuta juu ya jani, na chini yake utando mweupe wa vinyoya. Dawa za kopa hukinga kabla haujaingia. Ukishaingia unahitaji dawa ya kupenya yenye metalaksili, ukiibadilisha na ya kundi lingine ili ukungu usiizoee. Mvua ikishika, upigaji ni kila siku 7 hadi 10. Hapo ndipo mara mbili zako kwa mwezi zinapokwama, kwa sababu doa la Jumatatu ni shada lililonyauka Jumatatu inayofuata. Unahitaji msimamizi anayeishi hapo, mwenye uwezo wa kuamua kupiga dawa bila kukungoja. Kiangazi adui ni ubwiri unga, vumbi jeupe kwenye punje changa linalozifanya zipasuke baadaye. Huo unauzuia kwa salfa, ile ile waliyoizoea wakulima wa korosho. Ipige asubuhi, joto likizidi nyuzi 32 inaunguza majani. Na iache angalau wiki tano kabla ya kuvuna, kwa kuwa salfa iliyobaki kwenye ngozi ya zabibu inageuka ndani ya pipa na mvinyo unanuka yai viza. Kosa hilo linafanyika shambani, linagundulika kiwandani, na lawama anapewa mwenye pipa.

Kujua siku ya kuvuna, nunua rifraktomita, kile kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma sukari kwa nyuzi za Briksi, yaani asilimia ya sukari kwenye juisi. Chuma punje 100 kutoka mistari tofauti, za upande wa jua na wa kivuli, za juu ya shada na za ncha, ziponde zote pamoja, pima juisi. Ukichuma punje kumi nzuri zilizokuangalia utajidanganya kwa nyuzi mbili nzima. Briksi 20 inatoa kileo cha asilimia 11 hivi. Kwa mvinyo mwekundu usio na sukari lenga 20 hadi 22. Siku kumi za mwisho punguza maji hadi nusu. Mkulima anayefungulia maji ili kuongeza uzito kabla ya mizani anapandisha kilo na kushusha Briksi, na mnunuzi naye ana rifraktomita yake. Vuna alfajiri, weka kwenye kreti za kilo 20. Kwenye viroba na salfeti punje za chini zinapondeka, juisi inaanza kuchachuka njiani, na jua la saa sita likiipata, siki imeshaanza.

Soko. Historia ya zabibu za Dodoma ina somo gumu: kampuni ya umma ya DOWICO ndiyo ilikuwa mnunuzi mkubwa, na ilipoporomoka miaka ya 1990 wakulima wengi walibaki na mizabibu isiyo na mnunuzi. Leo wanunuzi ni kadhaa, wakubwa na wadogo, na kodi inawasukuma kwenu: ushuru wa bidhaa kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za ndani ni mdogo sana ukilinganisha na ule wa mvinyo wa kuagiza. Pamoja na hayo, idadi ya lita ambazo matenki yanashika haibadiliki kwa sababu wewe umeongeza ekari. Hivyo nenda kwa mnunuzi Machi, kabla ya kupogoa, na rudi na maandishi yenye mambo haya: tani ngapi kwa kila tarehe, Briksi ya chini inayokubalika na bei inapungua kwa kiasi gani chini ya hapo, nani analipa usafiri, na fedha inaingia baada ya siku ngapi. Hilo la mwisho lisimamie kidete. Peke yako una tani 8, na tani 8 hazina sauti. Jiunge na AMCOS, chama cha ushirika wa mazao cha eneo lako, ili mpange tarehe za kupogoa kwa pamoja na mkauze kwa mkataba mmoja. Na ulizia parokia na majimbo: divai ya misa lazima itokane na zabibu tupu bila kuchanganywa na kitu, kiasi chake si kikubwa, lakini hakuna Jumapili isiyoihitaji.

Mchuzi wa zabibu ni njia nzuri ya kuikimbia haraka ya tunda, kwa sababu mchuzi uliotulia kwenye tenki lililojaa unaweza kungoja miezi. Ila usiuanze mwaka wa kwanza wa mavuno, na uanze na kitalu kimoja. Tani mbili za Makutupora zitakupa lita 1,300 hadi 1,400. Ondoa vikonyo, ponda, weka kwenye vyombo vya plastiki ya chakula au chuma cha pua. Pipa la chuma cha kawaida linatia ladha ya kutu na kuharibu rangi. Jaza robo tatu tu, maana maganda yatapanda. Weka potasiamu metabisalfaiti gramu 10 kwa kila kilo 100 za zabibu, ngoja saa 24 hivi, kisha hamira ya mvinyo, siyo ya mkate, gramu 20 hadi 25 kwa lita 100, iliyolowekwa kwanza kwenye maji ya nyuzi 38 kwa dakika 15 hadi 20. Sukuma maganda chini mara tatu kwa siku. Maganda yaliyoachwa juu yakauke ndiyo chanzo kikubwa cha siki.

Joto ndilo litakalokusumbua. Likivuka nyuzi 30 unapoteza harufu, likifika 35 hamira inakufa sukari ikiwa bado ipo, na mchuzi huo wa nusunusu ndio unaoharibika wiki ya tatu. Fanyia kazi chumba chenye ukuta mnene, weka chupa za maji yaliyogandishwa ndani ya pipa, ponda usiku. Milango iwe wazi: gesi inayotoka inajaa chini na inaua mtu aliyeinama kwenye pipa bila kumpa onyo. Baada ya siku 5 hadi 8 kamua, acha mchuzi umalize kuchachuka hadi haidromita, kipimo cha uzito wa mchuzi, isome 0.995 au chini yake, hamisha uache machicha, ongeza metabisalfaiti kidogo, jaza tenki hadi ukingoni na ufunge kwa kizibo cha maji. Tenki lenye nafasi ya hewa robo moja ni siki inayosubiri mwezi uishe. Wapo wanaoongeza sukari zabibu zikiwa hafifu. Gramu 17 kwa lita zinapandisha kileo asilimia moja. Ukifanya hivyo mwambie mnunuzi, na kwa divai ya misa usithubutu.

Kumuuzia kiwanda mchuzi na kuweka chupani ni ngazi mbili tofauti. Chupa inataka jengo lililosajiliwa na bidhaa iliyothibitishwa na TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula, na TRA wanataka leseni ya ushuru wa bidhaa pamoja na stempu za kielektroniki. Kwa ekari mbili, gharama hizo zitakula faida yote. Kabla ya kuanza kukamua, hata kwa jumla, pitia TRA ofisi ya Dodoma uulize mchuzi unaouziwa kiwanda unahesabiwaje, upate jibu kwa maandishi.

Kwa mwaka huu, kazi yako ni kisima, kipimo cha chumvi na bei ya nguzo. Viriba viwe na vipando ifikapo mwishoni mwa Oktoba ili vihamie shambani Januari, na hadi hapo endelea kulima alizeti kwenye sehemu ambayo mashimo hayajachimbwa.